Wingu la Chini Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha bei. Saa mbili na nusu za kubishana juu ya monita ambayo hata jina bado haina. Inchi ishirini na saba, mguu wa kuzunguka, fremu nyembamba. Ya kwanza kutoka na nembo yetu wenyewe – miaka yote tumekuwa mafundi wa monita za wenzetu.

Punguzo, yule wa mauzo, anataka laki mbili na tisini na tisa. Mteja akisikia hivyo, anadai, kichwani inabaki laki mbili. Bosi akamwuliza kama yeye mwenyewe huwa anadanganyika kirahisi namna hiyo. Kila mwezi, akasema! Tukacheka. Ndipo akatoa ahadi yake aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: wingu moja kwenye kioo, tunabadilisha. Miaka miwili, bila maswali.

Kicheko kikakatika. Bosi akasema bei ya chini na ahadi kubwa haviendi pamoja mpaka vioo viwe safi kwelikweli. Akanigeukia mimi, mkaguzi wa vioo. Jicho, rijekti ni ngapi?

Mbili kwa mia ndizo ninazokataa, nikasema. Mwaka jana zilikuwa tisa.

Watu walishusha pumzi mpaka nikasikia. Bosi anasema msambazaji wa vioo amejirekebisha. Punguzo anasema jicho langu limekomaa. Jicho lililokomaa lingekamata nyingi zaidi, lakini sikumsahihisha. Sifa zenyewe huja kwa nadra.

Saini ya kuipitisha monita ni Jumatatu tarehe 17. Saini yangu.

Jumanne, 4 Machi

Vioo arobaini na nane. Rijekti moja.

Bosi anataka njia yangu ya kukagua iwe kwenye maandishi, eti ahadi haiwezi kutegemea kitu kilicho kichwani mwa mtu mmoja. Haya. Nimemwandikia: Chumba kiwe giza. Kioo kiwashwe kijivu kitupu. Mkaguzi akae umbali wa mkono, afunike jicho la kulia kwa kiganja, atazame katikati kwa la kushoto, ahesabu hadi kumi. Asifukuze kitu. Wingu – yaani sehemu ya kioo inayowaka hafifu kuliko zingine – ukilitolea macho linajificha. Ukiliacha pembeni linakuja lenyewe.

Akasoma, akauliza kwa nini jicho moja. Kwa sababu macho mawili yanafichiana aibu, la huku likikosea la kule linaziba. Ndivyo alivyonifundisha Mzee aliyekuwa na kiti hiki kabla yangu. Na kwa nini la kushoto, akauliza.

Jibu nimelipata wakati nafunga mlango: Mzee jicho lake la kulia lilikuwa bovu. Aliumia na cheche za kuchomelea akiwa kijana. Miaka kumi na sita nimeiga mpaka ubovu wake! Nimecheka peke yangu kwenye korido, fundi akanitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Monita sita zimeenda kwa watu wa majaribio, wiki moja nyumbani kwao. Nimezikagua mimi mwenyewe, moja moja. Safi.

Mama kauliza tena kama nimepima macho. Huuliza kila mwaka mvua zikikaribia, kama mtu anayekumbusha paa. Yeye yalimzimikia akiwa na miaka hamsini na mbili. Presha ya macho. Mimi nina arobaini na tisa. Nikamwambia, Mama, macho ndiyo kazi yangu, yanapimwa kila siku ya Mungu.

Akasema kweli, akaendelea kukunja nguo. Anakunja vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Punguzo amewapigia watu wa majaribio simu. Swali lenyewe la mtego: ungelipa ngapi, na kwa hiyo bei ungevumilia nini? Dada wa mapokezi: laki mbili na nusu, na kwa bei hiyo hata ikiwa na wingu hana neno, yeye anaangalia tamthilia. Mwalimu wa hesabu: laki tatu, ila isimwumize kichwa. Mpiga picha za harusi: laki tatu na nusu hata leo, lakini wingu hataki hata la dawa.

Punguzo amefurahi. Anasema huyo wa mwisho ndiye mteja wetu: analipa na anajua anacholipia. Mimi watu wa namna hiyo nawaogopa kidogo. Ndio wanaorudi.

Jumatano, 12 Machi

Amerudi.

Mpiga picha. Kaikumbatia monita kifuani kama mtoto mwenye homa, hakutaka mlinzi amsaidie. Akaiweka mezani kwangu, akafungua picha ya bibi harusi. Dada, niambie wewe, hili gauni lina rangi gani? Nyeupe, nikasema. Na huku kwenye pindo? Nyeupe. Akasema siku tatu mfululizo amekuwa akiling'arisha pindo la gauni, kila bibi harusi pindo chafu, mpaka mkewe akamwambia hao wote hawawezi kuwa wamepita tope moja.

Nikaiingiza chumba cha giza. Kijivu. Kiganja. Katikati. Moja hadi kumi.

Safi.

Nikamwambia hivyo, kwa sauti ile ninayotumia kwa wateja – ya upole, ya kumaliza mazungumzo. Akamwita fundi wetu aliyekuwa anapita na bisibisi mdomoni. Fundi akachungulia tu mlangoni. Hajafunika jicho, hajakaa, hajahesabu chochote! Akatoa bisibisi mdomoni, akanyoosha kidole: si hilo hapo, chini kulia, kubwa kama sahani.

Nikatazama kidole. Lilikuwepo.

Nilisema limetokea njiani, kioo kimebanwa kwenye gari. Inawezekana, hutokea. Fundi akainua mabega. Mpiga picha akasema yeye alikuja kwa miguu, anakaa mtaa wa pili.

Nimempa nyingine. Nimeikagua mara tatu mbele yake, kisha nikamwomba na yeye aikague. Sijawahi kumwomba mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilifika kabla ya mfagiaji. Nikashusha vioo thelathini nilivyopitisha mwezi uliopita, vina stika yangu ya kijani.

Kwa njia yangu: thelathini safi.

Kisha nikabadilisha kiganja. Nikafunika la kushoto.

Cha nne kina wingu. Cha kumi na moja. Cha ishirini na sita – kubwa, hata mtoto angeliona. Vyote vitatu chini kulia. Juu, kati, kushoto, hamna kitu, kazi safi kama inavyotakiwa. Nimekuwa mkaguzi hodari wa robo tatu ya kioo.

Nikarudisha kiganja kulia, nikatazama katikati ya cha ishirini na sita. Moja hadi kumi. Wingu likaondoka. Halikuacha weusi wala tundu. Kijivu kizuri tu, kimejijazia chenyewe pale. Hilo ndilo lililoniudhi – kwamba lilikuwa linadanganya kwa unadhifu.

Tatu kwa thelathini. Kumi kwa mia, na mbili ninazokamata. Kwa hiyo msambazaji hakujirekebisha hata kidogo. Vioo ni vilevile vya mwaka jana.

Nimevirudisha rafuni kwa mpangilio. Stika sijabandua.

Ijumaa, 14 Machi

Ruhusa ya nusu siku. Nilisema jino.

Daktari wa macho ni mwanamke wa umri wangu, ana mafua. Akanikalisha mbele ya bakuli jeupe lenye taa katikati. Kidevu hapa. Jicho moja nitalifunika. Tazama katikati, vidoa vya mwanga vitatokea pembeni, ukikiona kimoja bonyeza. Usivifukuze, vitakuja vyenyewe.

Nikacheka. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hayo maneno ni yangu.

Ikaja karatasi na ramani mbili. Ya jicho la kulia ina madoa machache ya kijivu ukingoni. Ya kushoto imetiwa weusi kona ya chini, upande wa kulia, kama mtu kaimwagia wino. Presha ya macho. Nikauliza imeanza lini. Akasema miaka, si miezi, lakini mwaka huu imekwenda mbio. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone kila jioni, maisha yote, italinda kilichobaki – akipiga chafya katikati ya neno maisha. Mama au baba? Mama, nikasema. Ulitakiwa uje miaka kumi iliyopita, akasema. Bila ukali. Akiandika.

Akauliza kazi yangu. Nikasema nipo ofisini.

Jumapili, 16 Machi

Nilitia matone chumbani, mlango umefungwa. Nilipotoka Mama yuko pale pale sebuleni na redio yake. Akaizima.

Ile chupa naijua mlio wake, akasema. Kifuniko kinalia tik. Miaka saba nimekifungua mimi.

Nikakaa. Sikuwa na uongo wa karibu. Akauliza jicho gani, nikasema yote mawili, la kushoto zaidi. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kunisimulia: mwanzoni hakujua kama haoni. Alidhani watu wanamfichia vitu. Alimgombeza shangazi juu ya mkasi wiki nzima, na mkasi uko mezani, na shangazi hakupata kusamehewa vizuri mpaka alipohama.

Ulimwomba radhi? nikauliza.

Nilichelewa, mwanangu. Niliona aibu kwanza.

Nililia kidogo. Hakuna cha kuficha humu. Alinishika mkono, akaukuta mara ya kwanza, kama kawaida yake. Kisha akauliza kazini wanajua? Nikasema kesho nina saini. Saini ya nini? Nikamweleza yote – bei, ahadi, vioo mia sita vyenye stika yangu, mpiga picha na pindo la gauni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: huyo mpiga picha, pesa ya kununua hiyo monita anaipata wapi? Nikasema kwenye harusi, moja moja, kama watu wote.

Akawasha redio.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nimewaambia naenda msalani. Wananisubiri.

Kikao kilianza saa nne. Keki ipo. Monita imepata jina, "Angavu", Punguzo ndiye kalileta. Ahadi imeshachapishwa kwenye maboksi, kwa herufi kubwa: WINGU MOJA, TUNABADILISHA. Maboksi elfu moja! Bei laki mbili na tisini na tisa. Kesho madukani.

Nilijaribu kupita ubavuni. Nikauliza tu, kama mtu anayepiga hesabu: je, kama rijekti zingekuwa kumi kwa mia? Punguzo akasema basi bei ni laki tatu na nusu na tutawauzia shemeji zetu. Wakacheka. Bosi hakucheka. Akasema zikiwa kumi, tunafuta ahadi au tunafuta monita, na yeye kufuta monita hawezi, kuna watu kumi na wanane pale chini wameajiriwa kwa ajili yake. Kisha akanitazama. Kwa nini unauliza, Jicho?

Nikasema nauliza tu.

Akasema ndiyo maana tuko nawe. Mashine ya kukagua alitajiwa bei, akaikataa, kwa sababu yangu. Alisema hivyo mbele ya wote. Ni mtu mgumu wa kusifu na nilikuwa nimengoja miaka kumi na sita kusikia kitu kama hicho, na kikaja leo!

Nikifungua mdomo: vioo mia sita vinakaguliwa upya, bei inapanda au ahadi inakufa, na mimi chumba cha giza sikiingii tena. Nina kazi gani nyingine? Sijui hata kuuza. Nikisaini: sitini hivi zinaondoka kesho na mawingu yake, kwa watu walioambiwa hamna. Zitarudi baada ya wiki, baada ya mwezi. Za watakaoona. Wengine hawataona, watalaumu macho yao.

Jana nilimwambia Mama nitasema. Nadhani nilimwambia. Au aliacha tu kuuliza.

Karatasi yenyewe ninayo, nimekuja nayo hapa ngazini. Ukurasa mmoja. Juu jina, katikati bei, chini maelezo ya ukaguzi kwa maneno yangu mwenyewe: mkaguzi afunike jicho la kulia. Punguzo yuko mlangoni ghorofa ya tatu, anaita, Jicho, kalamu hii hapa, au unataka tukubebe?

Nimeishikilia umbali wa mkono. Nimefunika la kulia, kwa mazoea tu. Nimetazama katikati, kwenye bei. Moja hadi kumi.

Bei naiona vizuri. Mahali pa saini hapapo – karatasi nyeupe tu, safi, mpaka ukingoni.

Anaita tena. Nimeondoa kiganja, nimeandika mahali pa saini: kumi kwa mia. Napanda kuwaeleza.