Kamera Iliyowekwa Chini

Mpwa wangu mpenzi,

Huku sote wazima, paka kazaa, na mjomba wako ameshinda kesi bila kuwa wakili.

Unajua baba yako aliapa hutakanyaga kwake tena kwa sababu ya filamu yako. "Kanifanya jitu! Najaza mlango mzima!"

Nikamwambia, "Shemeji, mimi nimeonyesha filamu elfu tisa kwenye jumba la sinema, nyingine nikiwa usingizini. Keti." Nikamrudishia filamu hadi pale anapoingia na viatu vya kazi. "Kamera iko wapi?"

"Chini, haifiki hata kiunoni kwangu."

"Na nani humu ndani alikuwa na kimo hicho?"

Akageuka kuutazama mlango.

"Binti yako ameiweka palipokuwa macho yake alipokuwa na miaka minne, akikusubiri mlangoni."

Tuliirudia mara tatu. Akasingizia moshi wa jikoni unamchoma macho, na jiko halikuwa limewashwa!

Leo asubuhi nimemkuta akipaka mafuta bawaba za mlango. "Anakuja lini?" akauliza, bila kunitazama.

Basi njoo. Na siku ukinipiga filamu mimi, chimba shimo, kamera uiweke humo.

Mjomba wako,
profesa asiye na cheti