Shimo la Mwisho Mahali pa Lori

Alhamisi

Mama amekubali. Amesema mwenyewe alasiri hii, akiwa mlangoni: shimo la mwisho la uwanja mdogo wa gofu ninaowajengea watoto uani nilichimbe pale marehemu baba alipokuwa akiegesha lori lake.

Tangu tumzike, hakuna aliyeruhusiwa hata kuanika nguo pale. Mashimo mengine nilishayamaliza kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, na mbuzi wa jirani wameshatafuna zulia nililotandika kwenye moja. Lakini pale ndipo pazuri kuliko pote. Oili iliyodondoka miaka yote imeushika mchanga, na mpira unateleza bila kuruka.

"Huyo mzee akirudi na lori kutoka Moyale, utamwambia aegeshe wapi?" akauliza.

"Nitamwambia angoje zamu yake, mama."

Akacheka. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hatacheka tena katika nyumba hii.

Nilipofagia, harufu ya oili ilipanda. Kwa muda nikatega sikio nisikie honi getini, kama utotoni tulipokuwa tukingoja tende alizotuletea kutoka safarini. Mtu mzima mimi.

Tunachimba kesho baada ya sala ya Ijumaa. Mama atapiga mpira wa kwanza, na ameonya nisimfundishe.