Kiti cha Kompyuta ya Shangazi

Dada Taaka mpendwa,

Wiki mbili zako zimetimiza miaka mitatu. Hujambo huko Juba? Sisi hapa Busia tuko. Shangazi mzima, kompyuta nzima, na uzima wa kompyuta ni kazi ya mikono yangu, kwa hiyo usimshukuru Mungu peke yake.

Siku hizi siitwi Wandera. Toka kituo cha bodaboda mpaka kwa mawakala wa forodha, hata ng'ambo upande wa Kenya, naitwa Daktari. Ndiyo, daktari aliyeishia senior three, kidato cha tatu. Lakini wewe umeshawahi kuona mgonjwa aliyepona akirudi kuuliza vyeti? Mwenye flashi iliyoliwa na virusi anakuja kwangu akilia, anaondoka akicheka. Printa ikimeza karatasi, naitoa bila kuichana. Najisifu, najua. Ungekuwapo ungenifinya sikio, lakini hupo, basi niache niendelee.

Nakuandikia nikiwa dukani kwa Shangazi, duka lile la kuchapa, kwenye kiti chako, kile cha mbao chenye mto ulioushona kwa gauni la zamani. Kupitia dirisha naona malori. Lori la mafuta linakaa foleni siku tatu. Dereva anafua shati, analianika kwenye kioo cha pembeni, anatukana kila mtu mwenye sare, halafu siku ya nne linavuka. Nimeyahesabu mpaka nimechoka. Yote huvuka, Dada. Anayebaki upande huu ni mimi.

Unakumbuka ile asubuhi kompyuta ilipokataa kuwaka? Ililia mara tatu, mlio mrefu, skrini ikabaki nyeusi kama kitako cha sufuria. Nje watu wa Dabani walikuwa wanangoja programu za mazishi, zile karatasi zenye picha ya marehemu na ratiba ya ibada, na jeneza lao liko njiani. Mimi nikaipiga kompyuta kofi. Ukanishika mkono.

"Wandera, huyo si ng'ombe. Msikilize kwanza analilia nini."

Ukachomoa waya, ukafungua mbavu zake, ukatoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ukaniuliza kama nina raba. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeacha shule muhula ule ule, lakini raba bado ilikuwa inazunguka nami mfukoni, kama mtu aliyefukuzwa nyumba na bado anatembea na ufunguo. Ukasugua meno ya shaba ya kile kibao mpaka yakang'aa, ukapuliza, ukakirudisha. Ikaamka. Ukanirudishia raba ukisema, "Haya, angalau raba yako imefaulu mtihani."

Nilinuna siku nzima. Lakini tangu siku hiyo nikaanza kukaa karibu nawe.

Halafu ukaja ule mwezi wako wa kupanga. Lo, ulivyotuchosha! Uso wa kompyuta ulikuwa umejaa mafaili kama uwanja wa soko siku ya mnada, wewe ukaamua kila moja lazima lipate nyumba. Programu za mazishi, maana ndiyo kazi yetu kubwa, ukazipanga kwa kijiji, ndani ya kijiji kwa mwaka, ndani ya mwaka kwa jina kamili la marehemu. Nikisema inatosha, unasema bado. Nikihifadhi kitu pale usoni pa kompyuta kwa haraka, unanirudisha kama mtoto aliyesahau kunawa mikono. Ukaandika na karatasi ya maelekezo, ukaibandika kando ya skrini. Mimi nikawaambia vijana wa bodaboda, "Dada yangu anawapangia wafu vyumba kama hoteli." Walicheka. Uliposikia, hata wewe ulicheka.

Mwezi ulipoisha ukapanda basi. "Wiki mbili tu, nakwenda kumsaidia rafiki. Shika kiti." Nikashika.

Sasa ngoja nikuambie nilichofanya, na usinipigie simu kunigombeza, maana nimeshagombezwa na wengi.

Mwaka wa kwanza, Shangazi alianza kusema ataleta mtu aliyesoma, mwenye cheti, kutoka Tororo. Mimi nikaona, eh, huyu atanikuta kila kitu kimepangwa wazi, atakaa siku moja na ataniondoa. Nikayabadilisha mafaili majina. Sikuyaita tena majina ya marehemu. Niliyaita kwa kumbukumbu zangu: yule wa kofia ya polisi, mama wa kicheko, kuku wawili, waliogombana mlangoni. Nikayatoa kwenye vijiji vyako nikayachanganya yote. Mteja akija, kabla hajamaliza kukaa, mimi nimeshafungua lake. Huyo mwenye cheti alikuja kweli. Alishika mausi saa mbili nzima, akatoka jasho, akasema hii si kompyuta, hii ni kichaa. Akarudi kwao. Nilisherehekea, Dada! Nilijiona nguzo ya duka.

Lakini nguzo haitembei. Hilo sikuliwaza.

Mwezi uliopita nilipata nafasi. Ipo shule ya ufundi Tororo, wanafundisha umeme, na hawakuulizi sana ya darasani kama mikono yako inajua kazi. Walinipa redio iliyokufa. Niliifufua mwalimu akiwa bado anatafuta miwani yake. Ninatakiwa kuripoti Jumatatu, na fomu inataka sahihi ya mlezi, yaani Shangazi. Akaisoma mara mbili, akaiweka chini ya birika.

"Nenda," akasema. "Nani anakukataza? Lakini Nafula akae hapo, atafute mafaili matatu bila kukuuliza. Akishindwa unabaki. Mimi sitafunga duka kwa sababu kichwa chako kimehamia Tororo."

Nafula ni yule binamu yetu wa Buhehe uliyemwacha mdogo. Sasa ni mrefu kunizidi, amemaliza senior four, na mdomo wake ni wembe.

Mteja wa kwanza kuingia siku ya jaribio alikuwa Mzee Egesa wa Dabani. Alitaka ile programu ya mazishi ya mkewe itolewe upya, Jumamosi wana ibada ya kumkumbuka. "Ile ya Mama Nekesa," akasema, akavua kofia.

Nafula akatafuta Nekesa. Akaona "mama nekesa 2". Akafungua, akaona picha ya mama mwenye kitambaa cha kanisa, akachapa, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote. Mzee akavaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kukuna shingo.

"Huyu mama mzuri," akasema polepole. "Lakini si yangu. Yangu alikuwa na pengo hapa." Akagusa jino lake la mbele. Lile faili nilikuwa nimeliita kwa jina la binti wa marehemu mwingine, naye Nekesa.

Shangazi akaniita kwa ile sauti yake. Mimi, nakwambia ukweli, nilifurahi kidogo. Nikamsogeza Nafula, nikabonyeza mara mbili, na mama mwenye pengo akatokea akitabasamu. "Daktari yupo!" nikasema.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Hakuwa anaangalia picha. Alikuwa anasoma jina la faili pale juu. Siku ile alipokuja mara ya kwanza alikuja na baiskeli, na mimi ndivyo nilivyomkumbuka.

"Kijana wangu," akaniuliza, "humu ndani mke wangu anaitwa Baiskeli Nyekundu?"

Dada, nikalifunga lile faili haraka. Nikamchapia nakala zake, nikakataa kupokea hela.

Mzee alipoondoka, Shangazi hakupiga kelele. Alitazama ile fomu chini ya birika, akasema, "Huendi popote. Wewe mwenyewe umejifungia, na sasa ufunguo hatuujui sote." Akaingia ndani. Nikabaki nimekaa. Nje dereva wa lori alikuwa anaanua shati lake. Nikaona zamu yake imefika.

Kesho yake nikaanza kutafuta karatasi yako. Usicheke. Nilikuwa nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa printa ili isitikisike. Nikaikunjua. Kijiji. Mwaka. Jina kamili la marehemu. Chini yake umeandika, "Jina, Wandera, si utani wako." Ulinijua, mshenzi wewe. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, "Ukikwama, anza na Buhehe. Ni chache, zitakupa moyo."

Nilisoma huo mstari wa mwisho nikajikuta nimesimama. Ukikwama. Mtu anayerudi baada ya wiki mbili anamwandikia mdogo wake "ukikwama"? Ule mwezi wote nilidhani unapanga mafaili. Ulikuwa unaondoka, Dada. Ulikuwa unaondoka faili moja moja mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa pembeni nakula karanga nakucheka.

Nikaanza na Buhehe. Siku nne nimefungua kila moja, nimesoma jina, nimeliandika lote. Nafula kando yangu ananisomea herufi nikichoka. Tumempata aliyekuwa "kuku wawili": alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Tumempata "mama wa kicheko": alizika watoto watatu kabla yake, na sisi tulimwandika kicheko. Faili la mazishi ya Baba yetu tu sikuwahi kuligusa. Liko vile ulivyoliandika, pamoja na lile jina la ubatizo alilokuwa hapendi.

Juzi nilikuwa namwonyesha Nafula namna ya kutoa kile kibao cha kumbukumbu na kukisugua kwa raba. Akaacha kusugua, akanitazama.

"Wewe, kwa nini unanifundisha vizuri hivi? Ukienda, hurudi?"

"Kila wiki mbili tatu hivi nitakuwa nakuja," nikasema. "Shika kiti tu."

Nikaisikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu, Dada. Hata ule wepesi wake. Na hapo nikaelewa kwa nini ulidanganya. Ungeniambia ukweli ningelia, ningeng'ang'ania begi lako, na ungebaki. Nimekasirika nawe miaka mitatu, na nilipopata mlango wako nilitumia ufunguo wako ule ule.

Basi nikamwambia. Nilijua akikataa anarudi kwao Buhehe na mimi nimekwisha. "Nafula, nimekudanganya. Sirudi hapa kukaa. Na ukikaa kwenye hiki kiti, kinanasa."

Akaendelea kusugua. "Nilijua. Hakuna mtu anayefagia nyumba hivi kama atalala humo." Akapuliza meno ya kile kibao. "Mimi nipe miaka miwili. Nitampangia mwingine, na nitamwambia siku ya kwanza, si ya mwisho kama nyinyi watoto wa mjomba. Haya, hiki kinaingia upande gani?"

Leo asubuhi Shangazi ametaja majina matatu ya marehemu, la tatu kwa makusudi ni la mke wa Mzee Egesa. Nafula ameyafungua yote matatu kabla chai haijapoa. Shangazi ametazama lile tabasamu lenye pengo kwenye skrini, ametoa fomu chini ya birika, ametia sahihi, akafuta duara la maji kwa kanga yake. Amesema tu, "Na huyo wa Juba mwambie hata kama harudi, apige simu."

Kwa hiyo nakuambia. Piga simu. Sikuulizi utarudi lini, swali hilo nimelifuta. Barua hii nimeihifadhi kwa utaratibu wako, chini ya kijiji chetu, mwaka huu, kwa jina langu kamili, ingawa mimi bado sijafa. Ukipita siku moja, mwombe Nafula, atakuonyesha bila kuniuliza.

Begi liko mlangoni. Teksi ya Tororo inapiga honi kwa mara ya pili. Na mimi Daktari mzima bado nimekaa, najifanya natafuta neno zuri la mwisho, nabonyeza hapa, narekebisha pale. Nafula amesimama nyuma yangu mikono kiunoni, kama Mzee Egesa siku ile, anasoma kila ninachoandika.

"Andika salamu zangu," anasema. "Halafu, Wandera, toka kwenye kiti changu."

Mdogo wako uliyemwachia kiti.