Sala Ambayo Hukuiomba

Dada Wakesho,

Barua hii nimeianza mara nne. Zile tatu za kwanza zilikuwa na maneno mazuri, nikazichana. Hii naiandika nyuma ya daftari la Jiografia na sitaisahihisha.

Habari za nyumbani kwanza. Mama anapika kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda, kingi kuliko tunavyoweza kumaliza, halafu anakaa kukitazama. Mimi bado nalala upande wa ukutani ingawa hakuna tena wa kunisukuma. Baba alirudi kufundisha wiki ya pili baada ya kukuzika. Miezi hii yote hakulia hata siku moja. Watu wa Chawia walimsifu wakisema mwalimu ana imani. Mimi niliona ameganda.

Nina kosa la kukuambia. Nimeshawaambia wengine wote, umebaki wewe, na ni wewe niliyekukosea.

Ni zile karatasi zako za ziara. Chuo kilipowatuma nyanjani kujifunza uchungaji, wewe ulipangiwa lile kanisa la mabati la wafanyakazi wa mkonge, chini ya Mwatate, na Mchungaji Mwakio akawa msimamizi wako. Kila wiki alitaka karatasi moja. Nenda umtembelee mtu, ukirudi andika mlivyozungumza, neno kwa neno. Wewe, mtumishi, ulikuwa M. Mwenye nyumba alikuwa N. M1, N1, M2, N2, mpaka mwisho, na mkinyamaza uandike kwamba mlinyamaza. Chini kabisa kulikuwa na swali ambalo halikubadilika: Mungu alikuwa wapi?

Ulikuwa ukimwigiza Mchungaji mezani, shingo umeivuta kama kuku anayemeza punje kubwa. "Binti, nilikutuma usikilize. Mahubiri nitayasikia Jumapili, usiniletee kwa karatasi." Siku moja tulicheka mpaka Mama akauliza kama chai ilikuwa na kitu.

Na kwa sababu mwandiko wako ulikuwa wa kuparura, ulipanda nyumbani kila Jumamosi, na mimi nikakunakilia. "Saru, mkono wako ni wa karani," ulisema. "Wangu ni wa daktari, ila dawa sina." Mimi ambaye darasani sinyoshi mkono hata nikijua jibu, nilijisikia mtu.

Jumamosi ile ya mwisho ulifika ukilalamika kichwa. Ulinipa karatasi ukaenda kulala na viatu miguuni. Nikaketi kunakili. Ilikuwa ziara ya Mama Nekesa, yule mama anayefanya kazi ya kuanika mkonge. Mtoto wake mdogo, Wafula, alikuwa amekufa. Walimsafirisha kwao magharibi wakamzika, na mama akarudi upesi kwa sababu kazi haingojei. Ulimkuta siku ya pili tangu arudi, mkoba wa safari bado umefungwa.

Uliandika hivi:

M1: Hodi.
N1: Karibu mtumishi. Kaa hapo kwa kitanda, kiti imevunjika.
M2: Pole, Mama.
N2: Asante. (Tukanyamaza muda mrefu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamsaidia.)
N3: Sasa tuombee basi.
M3: Baba yetu wa mbinguni... (Nikashindwa. Nililia. Sikuweza kuacha.)
N4: Nyamaza, mwanangu. Njoo. (Akanishika kichwa, akaniombea yeye. Aliomba kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno moja.)

Basi. Chini ya hapo ulijibu lile swali la mwisho kwa mstari mmoja.

Dada, nilikuonea aibu. Akilini nilimwona Mchungaji Mwakio akisoma na kutikisa kichwa. Nilimsikia Baba, ambaye siku uliyomwambia unataka uchungaji alisema, "Nimekusomesha uje kushika chaki, unaniletea habari za madhabahu?" Nikawaza, mtumishi anayeombewa na mfiwa si mtumishi, watamfukuza chuoni. Kwa hiyo kwenye M3 nikakuandikia sala. Nusu ukurasa. Nilitia aya mbili za Maandiko na maneno niliyoyatunga mwenyewe kuhusu machozi ya mama na mvua ya milimani. N4 nikamfanya Mama Nekesa aseme, "Asante, mtumishi, moyo wangu umetulia." Jibu lako la chini nikalibadilisha pia. Kisha nikaichukua karatasi yako nikaitia kwenye jiko, usije ukalinganisha.

Jumatatu uliichukua bila kuisoma kama ulivyofanya siku zote, maana uliniamini. Ukampelekea Mchungaji. Jumatano homa ikakulaza hospitalini Voi. Ijumaa ya wiki iliyofuata hukuwepo.

Nilidhani limekwisha na wewe. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, Mchungaji Mwakio alipanda mpaka kwetu. Alisema lile kanisa la mabati linataka kukufanyia ibada ya kumbukumbu. Akatoa karatasi kwenye koti, nikauona mwandiko wangu. "Nimesimamia wanafunzi wengi," alisema, "sijaona aliyeomba hivi." Akawasomea Baba na Mama sala yote. Jumapili angeisoma mbele ya watu.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba aliomba karatasi aishike. Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. "Kumbe alikuwa mchungaji kweli," akasema. Akauliza kama anaweza kupewa nakala aitie kwenye fremu.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikwenda kukata nyasi za ng'ombe mpaka giza likaanza kuingia, na ng'ombe alikuwa ameshashiba. Nikinyamaza, Baba atakuwa na kitu cha kutundika ukutani. Lakini Mama Nekesa angekuwepo Jumapili. Angekaa kwenye benchi asikilize mambo ambayo hayakutokea nyumbani kwake, katika juma baya kuliko yote ya maisha yake. Na Baba angekuwa anampenda binti niliyemtunga mimi.

Kusema sikuweza. Unanijua. Kwa hiyo nilichukua karatasi safi nikaiandika ile ziara upya, jinsi ulivyoiandika, kadiri ninavyokumbuka. M1, N1, mpaka N4. Lakini nilipofika chini nikakwama. Mungu alikuwa wapi? Dada, sikukumbuka. Nilijaribu siku tatu. Niliona mwandiko wako, niliona hata mahali kalamu ilipokwama, ila maneno yamekwenda. Ndilo jambo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Lile lilikuwa jibu lako la mwisho, na mimi nililichoma kwa sababu halikuwa zuri.

Jumapili nilimkabidhi Mchungaji karatasi nje ya kanisa, kabla ya ibada. Aliisoma amesimama. Aliisoma tena.
"Ile nyingine nani aliandika?"
"Ni mimi."
"Na hapa chini mbona wazi?"
"Sikumbuki, Mchungaji."

Nilingoja anikemee. Alinirudishia karatasi. "Mimi sitaisoma," alisema. "Wewe ndiwe uliyemwondoa dada yako. Mrudishe wewe."

Nilisimama mbele pale. Nilisema kwanza nilichokifanya. Halafu nikaanza, "M wa kwanza, hodi," na kutoka benchi la tatu mama mmoja mnene wa kitambaa cha buluu akaita, "Ongea na nguvu, mtoto, kwani unaogopa karatasi?" Watu wakacheka. Ndivyo nilivyomjua Mama Nekesa.

Nilipofika ulipolia, hakungoja nimalize. Alisimama. "Hiyo ndiyo ukweli. Huyu mtoto ya watu alilia mpaka mimi nikasahau yangu. Wengine walikuja wakaniambia Mungu amependa. Wakaniambia nitapata mwingine. Huyu hakuniambia kitu. Alichambua maharagwe yangu, na alichambua vibaya, mawe aliacha!" Wakacheka tena, na yeye akacheka, kisha akakaa chini ghafla akajifuta uso. Nilisoma N4, nikasema jibu la chini halipo, na kwamba kosa ni langu. Nikarudi kukaa.

Sikuthubutu kumtazama Baba.

Ibada ilipokwisha alikuwa ameshatoka. Nilimkuta uani, amesimama mbele ya Mama Nekesa, kofia mkononi kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nilisikia akiuliza, "Alilia sana?"
"Sana, Mwalimu."
Baba akakohoa. "Na wewe ulimwombea vipi?"
"Kwa kwetu. Kwa Kiswahili maneno yalikataa."
"Hebu rudia," Baba akasema. Baba yetu, Dada, ambaye hataki hata kuombewa kikohozi.

Mama Nekesa hakumwuliza kwa nini. Aliweka mkono kwenye kichwa cha Baba, pale pale uani, watu wakipita na sufuria za chai, akaomba kwa Kibukusu. Hatukuelewa, si mimi, si Mama, si Baba. Lakini niliona mabega yake yakianza kutikisika. Ilichukua muda. Mama alitaka kwenda kwake, Mchungaji Mwakio akamzuia kwa mkono, akasema, "Mwache kidogo."

Hiyo ilikuwa juzi. Baba hajanisemesha tangu hapo, isipokuwa njiani, aliponiuliza, "Uliichoma kweli?" Nikasema ndiyo. Akatembea mbele. Leo asubuhi hakwenda shuleni. Ameketi nje, kwenye kiti chako cha kukunja, na macho yake ni mekundu na hayafichi.

Sijui kama amenisamehe. Sijui kama wewe umenisamehe, na hakuna wa kuniletea jibu lako. Nisamehe, Dada. Ulikuwa na jambo la kusema, nikakufunika na la kwangu.

Sasa nakuaga, maana nimefika kwenye jalada. Lala kwetu, udongo wa Chawia ukutunze. Hili nakuahidi: nikifunga daftari hili nitatoka nje, nitakaa chini karibu na kiti cha Baba. Nimeshaanza kutafuta la kumwambia, nimeliacha. Nitakaa tu, mpaka atakaponiita au atakaponifukuza.

Mdogo wako,
Saru