Usiifute Nyumba Iliyoinama

Mjukuu wangu Akinyi,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko shuleni, na kile kikohozi kimekuachilia? Sisi hapa Oyugis tu wazima, babu yako anavuna mahindi.

Eti mwalimu amekuambia ufute nyumba yangu kwenye mchoro wako kwa sababu imeinama! Nimekasirika kweli.

Nikiwa msichana, mchoraji kutoka mjini alikuja kuchora boma letu. Alichora vilima, shamba la mtama na nyumba ya mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Ya mama yangu, mke wa pili, akaiacha.

“Imeinama, mama, ingeharibu picha,” akasema akicheka.

“Si uji wangu umeunywa humo ndani?” mama akamwuliza. “Kwani mimi nimekufa lini?”

Maana kwetu, mke asiye na nyumba bomani ni kama hayupo. Hata leo nawaka, Mungu anisamehe. Mama mkubwa, ambaye hata chumvi hakumwazima mama yangu, ndiye aliyemrudishia mchoraji picha yake.

“Beba, kijana. Hapa pichani si kwetu.”

Basi wewe ichore vile ilivyo. Unijibu upesi mwalimu amesemaje.

Ni mimi dani yako.