Kotmiri

Malindi, Jumamosi

Bado nastaajabu. Wiki nzima nilihofu kwamba wajukuu wangu hawa wawili, Salma wa Uingereza na Rukia wa Amerika, wangeishi humu nyumbani kama abiria waliokutana njiani. Mama zao ni ndugu, binti zangu, lakini wao hawakuwa wameonana kamwe.

Leo adhuhuri walikuwa jikoni wakipika mchuzi wa samaki, wakizungumza Kiingereza chao. Salma akaomba "coriander". Rukia akauliza ndiyo nini. Kwao Amerika huitwa "cilantro".

"Na biringani mmelipa jina la kifalme, 'aubergine'," Rukia akamtania.

"Afadhali sisi. Nyinyi mnaliita 'eggplant', mmea wa mayai."

Nikasimama mlangoni, mwalimu mstaafu, tayari kuwatafsiria Kiingereza kwa Kiingereza. Haikuhitajika. Salma alichuma jani kwenye kopo la dirishani, akamnusisha mwenzake.

"Aa, kotmiri," Rukia akasema. "Si ungesema hivyo, dada."

"Kumbe nawe waijua?"

Ndivyo alivyoiita marehemu mke wangu, bibi yao, tangu kule kisiwani kwetu, tulikotoroka na nguo za mwilini tu. Sikujua kwamba binti zangu nao walisafiri na neno hilo, kila mmoja upande wake wa dunia, wakawapa watoto waliozaliwa penye theluji.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba tuliondoka kwetu mikono mitupu. Sitasema hivyo tena.