Kishikio Nilichokihamishia Kulia

Baba,

Mzee Boay ameniambia yote. Usimlaumu. Alijaribu kunificha, lakini unamjua rafiki yako: akitaka kusema uongo anaanza kujikuna shingo, na siku ile alijikuna mpaka nikamwonea huruma.

Tangu hapo nimekuwa nikizungumza na wewe kichwani. Njiani kwenda shuleni, nikisahihisha madaftari, hata nikichambua mbaazi na Mama hapa uani. Maneno hayaishi, wala hayakai sawa. Nimeona bora niyaandike, labda yatatulia.

Unaikumbuka ile siku ya barazani? Ilikuwa miezi michache baada ya kiharusi. Ulimi wako ulikuwa umeanza kurudi, mguu ulikuwa unaburuzika lakini unakwenda. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Nilitoka ndani nikakukuta umeiweka fimbo yako ya kuvulia magotini, unaifuta vumbi kwa shati. Ile fimbo aliyokuachia mgeni mmoja zamani, ulipokuwa unashusha watalii kwenye bonde la Kreta kuona wanyama, pamoja na kile chombo cha kukunjia mshipi ambacho hukukiita jina lingine ila "mashine." Ukasema Boay anakwenda Mang'ola Jumamosi kuangalia vitunguu vyake, atakupitisha Ziwa Eyasi. Mvua zilikuwa nzuri, ziwa limejaa, kambare wameingia.

Nilifurahi, Baba. Naomba uliamini hilo kwanza. Tangu uugue hukuwa umetaka kitu chochote. Kanisani uliacha kwenda kwa sababu ya ule wakati wa kutakiana amani. Ulinyoosha mkono wa kushoto, ukasema, "Mnisamehe kwa mkono huu," na Jumapili iliyofuata ukaniambia Mungu anajua unapokaa. Harusini huendi, msibani huendi. Mwanamume aliyesalimiana na nusu ya dunia kwa mkono wa kulia, sasa anajificha asije akatoa wa kushoto. Kwa hiyo uliposema ziwa, moyo wangu uliruka.

Halafu nikakumbuka maneno ya yule kijana wa mazoezi ya viungo. Mkono uliolala huamshwa kwa kazi za kila siku, alisema: kuchana nywele, kukoroga chai, kufunga vifungo. Yeye hakutaja samaki. Mimi ndiye niliyeongeza samaki.

Miaka yote ulishika fimbo kwa mkono wa kulia, ukazungusha mashine kwa wa kushoto. Kishikio cha kuzungushia kilikuwa upande huo wa kushoto na hukuwahi kukihamisha. Nikakuambia tukigeuze. Fimbo uishike kwa kushoto, mkono wenye nguvu, na wa kulia ndio uzungushe, ujifunze upya. Ukasema, taratibu, neno moja moja, kwamba fimbo haihitaji vidole, unaweza kuibana kwapani au kuiegemeza kwenye panda ya mti. Kuzungusha ndiko kunakohitaji mkono ulio hai.

"Restituta," ulisema, "samaki hajui kama mimi nafanya mazoezi."

Nilicheka. Nikakuambia samaki si kitu, mkono ndio kitu.

Nikaichukua mashine magotini pako. Nikafungua kifuniko cha skrubu upande wa pili, nikachomoa kishikio, nikakichomeka kulia. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye mikono miwili. Kisha nikaingia ndani nikatoka na plaizi, nikakaza ile skrubu mpaka ikalia.

Ile plaizi, Baba. Mengine naweza kuyatetea. Naweza kusema nilitii ushauri, naweza kusema nilikupenda. Lakini skrubu ile hukazwa kwa vidole, inatosha. Nilichukua plaizi kwa sababu nilijua kwamba ukifika ziwani utataka kuirudisha, na nilijua una mkono mmoja. Nilikufungia, kama ninavyofungia kabati la darasa.

Jumamosi hiyo ulirudi mikono mitupu. Na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Boay alikuwa anakushusha pale njia panda, unapanda kilima na mkongojo wako, suruali ina matope mpaka magotini, uso unang'aa. Mimi nakungoja mlangoni. "Mmepata?" "Hatujapata." "Na mkono?" "Umezungusha." Nakushika vidole vya kulia, navikunja na kuvikunjua, na naapa nilikuwa naona tofauti. "Unaona, Baba? Unafunguka." Nawe unaitikia, "Naona, mwalimu."

Ulikuwa unaniita mwalimu tangu nilipopata kazi, kwa utani. Nilidhani hata siku zile ulikuwa utani.

Mara moja nilikuta kidole chako cha kushoto kina mkato mwembamba, wa mshipi. Nikauliza. Ukasema mlango wa Landrova ya Boay. Mara nyingine nilisikia harufu ya samaki mikononi mwako nilipokuvua shati, ukasema ni ya chambo. Mama alikuwa jikoni, akakohoa. Sasa najua alikuwa anakohoa kwa nini.

Nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu ofisini. Nilijivuna. Niliwaambia mgonjwa asidekezwe, mtazameni baba yangu. Na asubuhi ile ya mwisho, kabla sijaenda shuleni, nilikuachia shati ulifunge mwenyewe kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimechelewa lakini nilisimama mlangoni kuhakikisha hudanganyi kwa kutumia wa kushoto. Ulifika kifungo cha pili. Nikasema, "Endelea, nitakikagua hicho cha tatu nikirudi." Waliponiita nyumbani kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshaondoka, na shati liko wazi kifuani.

Siku ya mazishi nilipewa nafasi ya kusoma historia yako. Wote walikuwepo, ndugu kutoka kijijini Daa, madereva wa Karatu, wazee wa kanisa. Nilisoma ulikozaliwa, shule, kazi, ndoa. Nikamalizia kwa maneno yangu mwenyewe: kwamba baba yetu hakukata tamaa, kwamba kila Jumamosi alikwenda ziwani kuufundisha mkono wake wa kulia, akarudi bila samaki, asilalamike. Watu walilia. Mzee Boay alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilimwona ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake, nikadhani ni majonzi.

Baada ya msiba kumalizika nilimwita aje achukue fimbo, iwe ukumbusho wake. Mama alikubali. Alikuja na kofia mkononi, akaipokea kwa heshima, akaishikashika. Kisha, bila kufikiri, akaenda kwenye gari, akatoka na plaizi, akakamata ile skrubu na kuanza kuifungua.

"Unafanya nini, Mzee Boay?"

Akasimama kama mtu aliyekamatwa shambani kwa watu.

"Aa, mwalimu. Mazoea tu."

"Mazoea ya nini?"

Ndipo akaanza kujikuna shingo. Alisema inaingia mchanga. Alisema anataka kutia mafuta. Nikamwambia, "Mzee wangu, Baba ameshakufa, utamlinda na nini?" Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaiweka fimbo chini.

Akasema Jumamosi ile ya kwanza mlipofika ziwani ulizungusha kwa mkono wa kulia kama nilivyotaka. Kishikio kilikuwa kinakuponyoka. Kambare alishika, ukashindwa kumvuta, mshipi ukakatika. Ukakaa kwenye jiwe ukalia. Mzee Boay anasema hakuwahi kukuona ukilia, hata mlipomzika mama yako. Akaenda garini akachukua plaizi. Tangu siku hiyo, kila mlipofika alikirudisha kishikio kushoto, na kabla ya kuondoka alikihamishia tena kulia, akakaza kama nilivyokaza mimi. Fundi mmoja wa ngozi wa Kidatoga akakushonea kifuko cha kuning'iniza kwenye mkanda. Kitako cha fimbo kinakaa humo, mkono wako wa kulia unalala juu ya fimbo kwa uzito wake wenyewe, na wa kushoto unazungusha.

"Alipata samaki?" nikamuuliza.

"Sana," akasema. "Alikuwa ananishinda."

Samaki walikwenda kwake. Wakati mwingine mkewe alimletea Mama wawili watatu waliokaushwa, ndani ya kikapu cha vitunguu, nami nikawala. Baba, niliwala samaki wako mwenyewe, nikausifu mkono wa mke wa Boay.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Safari hii hakujikuna.

"Alisema, 'Huyu mtoto ananivisha shati kila siku, ananinawisha uso. Nitamwambiaje kwamba amekosea?' Akasema pia una huruma ya mwalimu. Inataka kuona matokeo."

Mzee Boay aliyasema kwa upole, akidhani yananifariji. Nilimshukuru, nikaingia ndani, nikakaa kitandani kwako mpaka Mama alipokuja kuniita.

Kama ungekosa samaki kwa sababu yangu, ningelia yakaisha. Ulipata samaki, na kwa hilo namshukuru Mungu na Boay. Kinachonikaa rohoni ni kwamba ulikuwa na furaha na ukaipitisha mbele yangu umeifunika, kama mtu aliyebeba nyama anapompita mbwa wa jirani. Mimi mwanao nikawa mtu wa kufichwa. Ulikuwa unanitegemea kwa chakula, kwa maji, kwa shati, na kwa sababu hiyo hukuweza kuniambia hapana. Nilidhani unakubali.

Na nimekuwa nikijiuliza ule mkono niliutaka kwa ajili ya nani. Wewe ulishaanza kuuzoea. Mimi ndiye niliyeona aibu kanisani. Nilimtaka yule baba wa zamani anayempigapiga padri begani na kushika usukani kwa mkono mmoja, na huyu aliyekuwepo nikamfanya awe njia ya kumrudia yule.

Wiki iliyopita nilimwomba Mzee Boay anipeleke. Tulishuka mpaka ziwani, akanionyesha jiwe lako, akanifunga kile kifuko kiunoni juu ya kanga. Kishikio kilikuwa kushoto. Akanirushia ndoana majini kwa sababu mimi sijui kurusha, akaniambia nisubiri, nisifanye haraka. Nilisubiri. Flamingo walikuwa mbali kule, jua linachoma shingo. Ghafla fimbo ikainama. Nilizungusha kwa mkono wangu wa kushoto, huu ambao haujawahi kufanya kazi ya maana, na mashine ikatii. Nilishangaa ilivyo nyepesi. Kambare akatoka anajipinda, masharubu yote, mbaya wa sura, nami nikacheka kwa sauti. Kisha nikaona aibu kwa kucheka.

"Cheka tu," Mzee Boay akaniambia. "Baba yako alikuwa anacheka hivyo hivyo. Kile kicheko chake cha zamani, kisichokwama."

Sikujua kwamba kilikuwa kimerudi. Nyumbani tangu uugue hukucheka, ulikuwa unatabasamu nusu mdomo. Kumbe kicheko kilikuwepo kizima, unakiacha ziwani kila Jumamosi pamoja na samaki.

Siombi unisamehe. Najua ungeshasema, "Yaishe, mwalimu," kabla sijamaliza sentensi, na ndiyo maana sitaki. Nataka nikae na kosa hili kidogo.

Habari za huku ni hizi. Mahindi yamebeba vizuri. Ukuta wa zizi ulioanguka tumeujenga. Padri anakuombea. Mama goti linamsumbua, na mimi nilikuwa nimeshapanga: ahamie kwangu mjini Karatu, nyumba niliyoiacha ulipougua, likizo ikiisha, ng'ombe wauzwe, awe karibu na hospitali. Nilikuwa hata nimeshaongea na mnunuzi. Jana jioni tulikuwa tunapepeta maharage, nikaweka ungo chini, nikamuuliza, "Mama, wewe unataka nini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa Kijerumani.

"Mimi?"

"Wewe."

Nilijua atasema hataki kuhama, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Hakusema hivyo. Alisema, "Nataka kushuka Kreta."

Baba, alisema hajawahi kufika. Miaka yote ile ulipeleka watu wa dunia nzima chini kule, ukarudi na vumbi lake kwenye nywele, yeye akalifua kwenye mashati yako, na hajawahi kuona linatoka wapi. "Nataka kuona alikokuwa anakwenda," alisema.

Nilifungua mdomo kusema goti. Barabara ile ya kushuka, mitikisiko ile, baridi ya ukingoni. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Nikayameza. Nikamwambia nitazungumza na Mzee Boay, naye leo asubuhi amesema gari liko tayari, ila anataka Mama akae mbele.

Basi tunakwenda Jumamosi. Kuhusu ng'ombe nimempigia mnunuzi nikamwambia asije. Nakuahidi jambo moja tu, maana sijiamini kwa mengi: tukifika chini, Mama ndiye atakayesema tusimame wapi, tukae muda gani, na lini turudi.

Lala, Baba. Kwaheri.

Mwanao,
Restituta